Mikono ya Baba Yako

Mwanangu,

Natumaini baridi ya huko haijakushinda. Huku tu wazima. Paa la karakana ya baba yako limezibwa, na kabati la mwalimu limekamilika.

Utauliza limekamilikaje, ilhali vidole vya baba yako havikunjiki tena. Limetengenezwa na yule yule aliyevivunja kwa nondo, Mbabe. Hakimu alimpa kifungo cha nje: afanye kazi karakanani, awe mikono ya mtu aliyemlemaza. Baba yako alikubali. Mimi dada yake sikuulizwa.

Kila siku nilikaa mlangoni nikimtazama. Baba yako alikuwa akimfokea, "Taratibu na randa, bwana! Hiyo si nondo!" Naye hujibu, "Nisamehe, fundi, mkono umezoea vibaya." Kisha hucheka wote wawili, mwanangu. Wote wawili!

Juzi alikuja afisa anayesimamia wafungwa wa nje. Huwa anamwita pembeni jamaa mmoja wa aliyeumizwa na kumuuliza kama mfungwa amebadilika. Safari hii aliniita mimi. Nilimwambia kwamba Mbabe bado anamtishia ndugu yangu. Ulikuwa uongo, nami niliutamka kwa ufasaha. Mbabe amepelekwa gerezani.

Jioni baba yako aliniuliza, "Dada, kesho nani atanishikia randa?"

Nilimlisha kijiko baada ya kijiko, kisha nikala chakula changu chote, kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu alipoumizwa.

Shangazi yako, asiyesahau.