Picha Zako Zote Zipo

Gakindu, Mukurweini
11 Machi 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa jina la Bwana. Jicho linaendeleaje baada ya upasuaji? Natumaini dada Tabby hakuruhusu kuinama wala kushika jembe, maana nakujua. Mimi ni mzima, na kahawa ya kule chini imechanua yote baada ya mvua ya Alhamisi. Najua ni Tabby anayekusomea barua hii hapo Murang'a. Asome polepole, na asiruke mahali.

Haya siwezi kuyasema kwa simu. Uliponiambia kwamba bandeji ikitolewa unataka kwanza kuona picha zako za mlima, nilikujibu ziko salama kwenye laptopu. Baba, siku hiyo laptopu ilikuwa haiwaki.

Nilikuwa nimekosa nafasi ya kazi zangu, nikaona sehemu moja ya diski imekaa tu. Mimi ni mtoto wa Mukurweini. Ardhi iliyolala inaniwasha mikono. Nikafuata video moja, nikaifuta, nikaiunganisha na yangu kama mtu anayesogeza mpaka. Wiki iliyofuata mashine ikaanza kujisasisha, stima ikapotea katikati, na betri unajua ilikufa kitambo. Haikuwaka tena. Picha za miaka kumi na nne, za kila asubuhi, na hakukuwa na nakala popote.

Nikaipeleka kwa fundi Miriti, Ruring'u. Aliniuliza nilifuta nini, nikamwambia. Kisha akasema ati ile sehemu haikuwa imelala, ndiyo ilihifadhi mbegu ya kuanzisha mashine upya ikiharibika. Nikakumbuka maharagwe yako ya mbegu, yale unayochanganya na jivu na hakuna anayeruhusiwa kuyapika hata wageni wakija. Niliona haya. Nilimwomba aitengeneze upesi, akakataa. Alisema tuokoe picha kwanza, mashine itafuata. Akaiwasha kwa flashi yake, akachomeka diski ya nje, akanakili.

Alipomaliza alinifungulia nizihakikishe, kuanzia ile ya mwisho kabla hujaondoka, kurudi nyuma. Ndipo nikaona. Chini ya kila picha kuna lango letu, na langoni niko mimi: natoka na kikapu cha kahawa, naenda sekondari, halafu niko darasa la nne na begi kubwa kuliko mgongo. Barafu ya mlima inaongezeka, mimi napungua. Siku za ukungu mlima haupo kabisa, niko mimi tu. Na ile miaka minne niliyokuwa chuoni, lango ni tupu, na wewe umepiga vilevile, hata siku ambazo ukungu umefunika mlima wote. Miriti aliniletea kiti.

Nilifuta nisichokijua, kisha nikakudanganya. Lakini kosa langu kubwa ni la zamani, na sijawahi kumwambia mtu. Nilikua nikidhani macho yako ni ya mlima tu, kwa vile hukuwahi hata kunipungia mkono. Nisamehe, Baba.

Sasa kuna nakala mbili, moja hapa na moja kwa jirani yetu Mwalimu Wachuka. Miriti alinitengenezea pia flashi ya kuanzishia mashine, nami nimeiweka kwenye kabati la mbegu, juu ya maharagwe.

Jumamosi ukifika usiingie haraka. Simama kwanza langoni. Mimi nitakuwa pale juu unaposimama wewe kila asubuhi, na kamera yako mkononi, mlima uonekane usionekane.

Nisalimie Tabby na watoto wake wote. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi binti yako,
Gathoni