Nzi Wako wa Matete

Baba yangu, Mwalimu,

Nimekaa na jambo hili tangu tulipoanua matanga, leo nalisema mbele ya kila atakayesoma: majani ya chupa zako niliyachoma mimi. Shangazi hana kosa, wala Mama.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka bondeni Kitanga, wewe mbele umekunja suruali hadi magotini, mimi nyuma na mfuko mtupu wa unga, wa kutilia majani? Ulikuwa ukiinua jani la tete juani na kunionyesha mchirizi mweupe uliopindapinda. "Humo ndani kuna mtu anakula," uliniambia. Nilicheka, maana ulimwita funza mtu. Ukanieleza kwamba mama yake, nzi mdogo sana, hutaga kwenye jani, na mtoto huishi katikati ya ngozi mbili za jani hilo, anachimba na kula mpaka awe nzi atoke. Majirani walikuita Mwalimu wa Nzi, nawe uliitika bila kununa.

Ulipostaafu ndipo ukazama kabisa. Chupa za jemu zilijaa dirishani, kila moja na jani lake, mdomo umefungwa kwa kipande cha kanga ya Mama. Mtaalamu wa wadudu wa chuo kikuu alikuambia kwamba nzi uliomtumia hawafanani na wowote anaowajua, ila wote ni majike. Alitaka dume, kwa kuwa spishi zao hutambuliwa kwa viungo vya uzazi vya dume. Mama aliposikia alishika kiuno. "Mzee mzima unapekua uchi wa nzi!" Ulicheka mpaka ukakohoa. Kikohozi kile hakikuisha.

Siku ya kuanua tanga tulifagia nyumba. Shangazi akasimama dirishani, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, nyumba iliyotoka msibani haiwekwi majani makavu. Toa nje." Mama alikuwa uani; pale ndani ni mimi peke yangu niliyejua yale majani ni nini. Lakini nilikuwa nimechoka kulia, na nilikuwa nimekukasirikia kwa kuondoka kwako. Nikayamwaga yote kwenye moto wa taka. Nilipofungua chupa ya mwisho, kitu chepesi kilinigusa kidoleni. Sikutazama.

Tangu siku hiyo huniachi. Niko kazini Kibondo, natafuta mshipa wa mgonjwa, naona mchirizi wako chini ya ngozi yake. Nikichambua mchicha nainua kila jani juani kabla ya kulitia sufuriani. Wenzangu wanadhani nimezidi usafi. Ni woga, Baba.

Nimemtafuta huyo dume. Kila likizo napanda basi hadi Kasulu, kisha naenda Kitanga. Bonde limekatwa majaruba ya mpunga, na matete yamebaki kiduchu karibu na daraja. Mwaka huu nilipata majani manne yenye michirizi, nikayatia kwenye chupa, nikasubiri. Akatoka dume mmoja. Nilimtumbukiza kwenye spiriti, nikampelekea yule mtaalamu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikalala vizuri.

Jana alinipigia. Alizungumza polepole, namna sisi manesi tunavyozungumza na ndugu wa mgonjwa. Alisema dume wangu ni wa spishi inayojulikana, ya kawaida kwenye matete. Hahusiani na majike yako. Wako ni wengine kabisa, na hajawahi kuwaona popote.

"Mzee hakuacha majani mengine nyumbani?" akaniuliza.

Nikamjibu hukuacha. Nikaongeza kwamba siku za mwisho ulikuwa umechoka, hukuwa ukihifadhi vitu vizuri. Akasema, "Pole, basi ndiyo hivyo," akakata simu.

Nilikuchomea kazi yako, Baba, halafu nikakusingizia uzembe. Ukinikataa sitashangaa. Pumzika, kama nimekuachia pa kupumzikia.

Ni mimi,
binti yako