Kiherehere Hana wa Kumfukuza

Chumba cha mavazi, Studio ya Pili,
Alhamisi, tarehe 9.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Nasikia baridi ya huko inauma mpaka kwenye meno. Natumaini dada, binti yako, amekununulia soksi za maana, uachane na zile zako zenye madirisha. Huku hatujambo. Mama analalamika kwa sauti ya juu kabisa, kwa hiyo haumwi.

Mimi je? Mjomba, mpwa wako ni nyota. Uso wangu umebandikwa ukutani pale stendi, mkubwa kuliko mlango, na kuna mtu keshanichora masharubu.

Barua yako nimeipata. Unasema umetazama vipindi viwili vya "Kiherehere Mwenyewe" na kwamba nimejitahidi. Nimejitahidi! Mjomba, hilo ni neno la kuandikiwa mtoto aliyeshika mkia. Nalijua vizuri, niliandikiwa miaka saba mfululizo kabla mimi na shule hatujapeana talaka. Bora ungenitukana.

Basi nikuambie ukweli: kipindi kinakufa. Wiki iliyopita mwongozaji alisimama nyuma ya kamera akiwapungia watazamaji mikono ili wacheke, kama mtu anayesukuma gari bovu. Siku hizi kicheko tunakitoa kwenye mashine. Kuna mama mmoja wa benchi la mbele alikuwa amesinzia, mdomo wazi, lakini kwenye runinga utadhani anavunjika mbavu.

Nilimtafuta mchawi kila mahali. Nikasema ni waandishi. Nikasema ni waigizaji wenzangu, maana wameletwa wachekeshaji watatu, kila mmoja mdomo kama redio. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tuko wanne, na zizi lenyewe la mbao nyepesi. Wote tunaimba, hakuna wa kuitikia.

Juzi fundi wa sauti, yule kipara, akaniita chumbani kwake. "Njoo usikilize kitu, nyota." Akaweka kanda za "Chumba Namba Tisa", kile chetu cha zamani. Unakumbuka tulivyokuwa: mimi mpangaji mdaku, naingia sebuleni kwako bila hodi, namwaga maneno kama maji ya bomba lililopasuka. Wewe mwenye nyumba unakunja gazeti. Unavua miwani. Unaifuta. Unanitazama weee, halafu unasema, "Kiherehere, toka." Miaka minne nilijua watu wananichekea mimi.

"Sikiliza kicheko kinaanzia wapi," kipara akasema.

Nikasikiliza. Nikiongea mimi, kimya. Utani wangu wote ule niliojisifia mtaa mzima, kimya, na kikohozi kimoja. Ukianza kukunja gazeti tu, mabenchi yanalia kwa kicheko.

"Weka kingine," nikamwambia.

"Hiki ni cha tisa tangu tukae hapa, mdogo wangu. Vyote ndivyo vilivyo."

Nikatoka. Ndipo nikaelewa tunachokosa. Katika hiki kipya mwenye nyumba ni mimi. Nitaingia wapi bila hodi, kwangu? Nani atanifukuza? Mdaku ndani ya nyumba yake si mdaku tena, ni mtu anayepiga kelele kwake. Wamechukua makali ya kisu wakaacha mpini, halafu wanashangaa hakikati.

Mama hutazama kila wiki, amekaa wima kama yuko mahakamani. Jana nikamuuliza, "Mama, nimechekesha?"

Akasema, "Umekonda."

"Mama, nimeuliza kama nimechekesha."

"Na mimi nimekujibu, mwanangu."

Mjomba, sasa naandika lile lililonifanya nichane karatasi tatu. Kipindi hiki kipya kilipopangwa, wewe uliambiwa kituo cha runinga kinataka sura mpya. Si kweli. Mtayarishaji alinisimamisha mlangoni, hapa hapa nilipo, akaniuliza, "Mjomba wako tumchukue au tumwache?" Nami, nimejaa sifa mpaka masikioni, nikajibu, "Mwacheni apumzike. Mzee huyo hachekeshi, ananipunguzia kasi." Maneno kumi hayafiki. Wiki iliyofuata ukaniaga kwa mkono, ukanitakia heri, ukaenda kwa dada. Na leo, na umri wako huo, unapokea mizigo ghalani. Waliokufukuza si wao. Ni mimi.

Alhamisi ijayo tunarekodi cha mwisho, halafu sebule ya studio inabomolewa. Mtayarishaji ameniagiza nikuandikie nikubembeleze uje, uingie dakika moja tu, eti watu watalia kwa furaha. Nimekataa kukubembeleza. Nimemwambia mbele ya wote kwa nini hukuwepo. Mama wa mavazi, aliyekuwa akinishonea vifungo huku akinitania, tangu hapo ananipa nguo kwa kunyoosha mkono bila kunitazama. Ana haki.

Kwa hiyo usije, Mjomba. Ukija watacheka, nao watasema kumbe kijana bado anafaa, na mimi nitavaa kicheko chako kama nilivyokivaa miaka minne. Wala siombi unisamehe kwa barua. Wewe mpole, utaandika "yamekwisha" hata kama hayajaisha.

Nisalimie dada na shemeji. Wale mapacha wao waambie mjomba wao wa kwenye runinga aliwahi kuwa mfupi kuliko wao na mjinga kuliko hivi. Mama anakusalimia, yeye nimemweleza jana baada ya kipindi, akazima runinga, akaenda kuanua nguo.

Mungu akulinde na baridi, akupe watu wanaojua thamani yako kabla hujaondoka.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na sijui kama bado nina mjomba,

Kiherehere