Bastola ya Baba Haikai Mkononi Mwangu

*Wasomaji wangu, barua mbili za kwanza hapa chini zilipita kwa posta mwezi wa tisa. Leo nazichapa kwa ruhusa ya mwenyewe, na ya tatu ndiyo iliyonipa ruhusa hiyo. — Opal*

Bi Opal, mshauri wetu wa gazetini kila Alhamisi, nakuandikia kwa haya, maana miaka yote mimi ndiye ninayepigiwa simu na watu wenye shida, lakini safari hii maji yamenifika shingoni na wa kumwambia sina.

Nina miaka thelathini na minne, nimezaliwa hapa hapa Kaunti ya Tamarack, nimekaa miaka tisa nikipokea simu za dharura katika ofisi ya sherifu, na mwezi wa tatu mwaka huu nikachaguliwa kuingia kazi yenyewe ya naibu sherifu, kazi aliyoifanya baba yangu Orrin miaka ishirini na tisa mpaka moyo ulipomsimama akipasua kuni nyuma ya nyumba, na siku niliyoambiwa nimechaguliwa nililia ndani ya gari mpaka vioo vikafanya ukungu. Mbio nimefaulu, sheria nimefaulu, kumfunga pingu mwanamume aliyenizidi kilo arobaini nimefaulu. Kilichonishinda ni bastola. Tunapiga risasi hamsini na zinatakiwa arobaini ziingie, mimi mara ya kwanza niliingiza thelathini na moja, mara ya pili thelathini na tatu, na mara ya tatu ndiyo ya mwisho, tarehe kumi na nne Oktoba, nikishindwa narudi kwenye simu zangu na nafasi anapewa mwingine.

Tatizo ni mikono. Glavu za theluji nanunua upande wa watoto, zile zenye vikatuni vya rangi, na pete ya ndoa ya baba inaingia kwenye kidole gumba changu na bado inacheza. Bastola ninayotumia ni ya kwake, ile kubwa ya risasi nene, na mpini wake aliuchonga mwenyewe kwa mbao ya mjozi, majira ya baridi ya mwaka niliozaliwa, amekaa mbele ya jiko, mama anasema vumbi la mbao lilikuwa linaingia mpaka kwenye supu. Nikiishika inavyotakiwa kidole hakifiki kwenye triga, kwa hiyo inabidi niizungushe kidogo kiganjani ndipo ncha ya kidole iguse, na hapo mtutu hauko sawa tena na mkono wangu, inanipiga teke kwenye kifundo cha gumba, na risasi zote zinakwenda kushoto. Mwalimu wetu wa shabaha, Coy Brandvold, ananiambia nikaze mkono. Nimekaza mpaka nikafa ganzi.

Mume wangu Lyle, Mungu ambariki, alikwenda dukani akamweleza muuzaji shida yangu, muuzaji akamwambia mkono mdogo bastola ndogo, akarudi na kitu cha rangi ya waridi chepesi hata ukikitia mfukoni unasahau kwamba kipo. Bi Opal, kile kitu kina hasira. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kinaning'inia hewani hakina pa kushika, kilinichuna ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada mpaka nikatoka damu, na kati ya risasi kumi saba hazikugusa hata karatasi. Nilimwambia Lyle ni zawadi nzuri na sasa kila Jumamosi ananiuliza mbona siitumii.

Ngoja niseme yote. Baada ya kushindwa mara ya pili nilifunga bendeji mkononi nikadai nimeteguka, wakati sikuteguka popote, na Coy akanipa wiki nyingi zaidi za kujiandaa kwa uongo huo. Na sasa nimepanga na fundi wa bunduki wa mji wa pili, Ijumaa ijayo, apunguze ule mpini wa baba, aukwangue mpaka unienee, bila mama kujua. Mama yangu Bernice ameutundika mkanda wa baba pamoja na bastola kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, na kila siku ya mtihani anautungua, ananipa kwa mikono miwili, anasema, "Baba yako hakuwahi kukosa na hii." Nitamtazamaje?

Niambie, nimkwangue marehemu, au niende na bahati yangu hivyo hivyo, au nikubali kwamba mikono niliyopewa si ya kazi hii? Tafadhali usitoe jina langu.

Mwenye Mikono ya Mtoto

---

Mwenye Mikono ya Mtoto, nakujibu kwa posta kwa sababu umeficha jina lako halafu ukamtaja baba yako, miaka yake ya kazi na mahali alipoangukia. Ningeichapa hii, mama yako angeijua kabla hajamaliza kahawa. Kuficha mambo huwezi, binti yangu, na hilo kwa naibu sherifu si kasoro.

Pole kwa kidonda. Lyle usimnunie, alinunua kwa mapenzi, na kosa lake limefanywa na nusu ya waume wa jimbo hili. Wanadhani bastola ni kiatu, mguu mdogo kiatu kidogo. Bastola nyepesi haina uzito wa kuumeza ule mshindo, kwa hiyo mshindo wote unaupokea wewe. Na zile ndogo sana springi zake ni ngumu mno, kuzikoki ni vita. Mimi mwenyewe nina mikono ya kuingia kwenye chupa ya achari, na nilifundisha wasichana wa kaunti hii kulenga shabaha miaka kumi na sita kabla hawajanipa safu hii ya kuwasema, kwa hiyo nisikilize.

Fundi wa Ijumaa mwambie hapana. Simwonei huruma marehemu, kuni zile zilimchukua akiwa na furaha. Nakuonea huruma wewe, kwa sababu hata mpini ukibaki mwembamba kama ulimi wa nyoka, mwili wa bastola yenyewe ni mpana na triga iko mbali. Utaharibu kumbukumbu na kidole hakitafika.

Sasa chukua barua yako uisome tena, pale ulipoandika kuhusu supu. Baba yako aliuchonga ule mpini mwenyewe. Umewahi kujiuliza kwa nini? Mtu hakai mbele ya jiko majira mazima akichonga mbao kwa sababu bastola inamkaa vizuri. Orrin Haugen nilimjua, alikuwa na mikono ya kubebea ndama, na bastola waliyompa haikumtosha, kwa hiyo akaifanya imtoshe. Hakuona aibu wala hakumwomba mtu radhi. Wewe umeurithi mpini ukaiacha akili iliyouchonga. Ukitaka kumfuata baba yako, fanya alichofanya yeye: tafuta kinachokaa kwenye mkono wako.

Na unatafuta hivi. Usinunue chochote mwezi huu. Nenda kwenye uwanja wa shabaha wanaokodisha, na waombe marafiki zako, kaunti hii haina mtu asiyekuwa na bastola ya kukuonyesha. Kila utakayoipokea, itoe magazini ya risasi, ikoki utazame chumba cha risasi, kisha utie kidole uhakikishe kwa kugusa, hata kama aliyekupa ni mchungaji wa kanisa. Ielekeze mahali salama. Ishike juu kabisa, ile nyama ya kati ya gumba na kidole ikae chini ya mkia wake, ile ncha ya nyuma juu ya mpini, na mtutu ulingane na mfupa wa mkono wako kuanzia kiwiko. Usiizungushe hata kidogo. Hapo ndipo upeleke kidole kwenye triga. Ile sehemu laini ya kidole, unayobonyezea kengele ya mlango, ikikaa sawasawa katikati ya triga, hiyo ni ya kwako ya kujaribu. Ikifika ncha tu, irudishe mezani hata kama ni nzuri, hata kama ni ya ukoo.

Tafuta ya kati, yenye uzito wa kutosha na mpini mwembamba ambao vidole vyako vitatu vyote vinapata pa kushika. Ziko zenye mgongo wa mpini wa kubadilisha, unatoa mnene unaweka mwembamba. Risasi za milimita tisa zinatosha na kanuni za ofisi yenu zinaziruhusu, nimempigia simu karani nikauliza. Kukoki, usivute kwa vidole viwili unavyovutia zipu: shika ile sehemu ya juu inayoteleza kwa kiganja kizima, kisha usukume mpini mbele kwa mkono wenye nguvu.

Limebaki la bendeji, na hapa sikubembelezi. Unataka kazi ya kuwauliza watu ukweli usiku na mchana, na umeianza kwa kumdanganya mwalimu wako. Nenda kwa Coy kabla ya mtihani, kwa miguu yako mwenyewe, umwambie. Akikufukuza, utakuwa umefukuzwa ukiwa mkweli. Kisha nenda kwa mama yako umweleze kuhusu bastola, mezani, mchana, wote mkiwa mmekaa. Usimwachie aone msumari una kitu na kiuno chako kina kingine.

Opal

---

Bi Opal, chapa zote, na jina langu weka.

Nilianza na Coy kwa sababu nilimwogopa zaidi. Nilimkuta anakunywa kahawa, nikamwambia yote kwa pumzi moja, akaendelea kukoroga. "Nilijua," akasema. "Jumatatu ulifunga mkono wa kulia, Jumatano ulifunga wa kushoto." Nikamuuliza mbona alinipa zile wiki. Akasema alitaka kuona nitakuja lini, na kwamba nimechelewa lakini nimekuja, na adhabu yangu ni kuosha magari ya doria mpaka theluji ianguke. Ninaosha.

Bastola nilizishika kumi na moja. Nane zilirudi mezani kwa ile kazi ya kidole tu, bila kupiga hata risasi moja. Ya kumi ilikuwa nyeusi, haina urembo, Lyle alisema inafanana na mashine ya kubandulia karatasi za ukutani, lakini walipoiwekea ule mgongo mwembamba na nikaishika, kidole kikaenda chenyewe kikakaa katikati. Nilipiga tano. Matundu yote matano ungeyaziba kwa kifuniko cha chupa ya jemu. Bi Opal, nilikaa chini kwenye benchi nikacheka, mwenye uwanja akaniuliza kama niko sawa. Lyle akaichukua ile ya waridi akairudisha dukani yeye mwenyewe, na nasikia yule muuzaji alipewa mawaidha ya kutosha.

Mama ndiye niliyembakiza mwisho. Nilimweleza mezani kama ulivyosema, mchana, na hata habari ya fundi nikamwambia. Aliinuka, akafungua droo ya chini akatoa kopo la kahawa. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya plastiki, vyembamba. Ulikuwa mpini wa kiwandani wa bastola ya baba, ameutunza miaka yote hiyo.

"Mimi nilikwambia hakukosa na hii," akasema, akionyesha ule wa mbao ukutani. "Na kwa hiki hapa cha plastiki alikuwa anakosa hata ukuta wa ghala. Walitaka kumrudisha kwenye karakana ya magari ya kaunti, na wewe nilikuwa nimekubeba tumboni. Ndiyo sababu nilivumilia vumbi kwenye supu."

Tuliufunga ule wa plastiki tukajaribu, na kidole changu bado hakikufika, kama ulivyotabiri. Tukacheka wote wawili, tukaurudisha wa baba mahali pake.

Tarehe kumi na nne kulikuwa na upepo na baridi ya kutoa machozi. Mama alikuja, akasimama nyuma ya uzio na kofia ya baba kichwani. Nilipiga hamsini. Coy alikwenda kwenye karatasi, akahesabu, akahesabu tena, akaifungua akaiinua juu ili walio nyuma ya uzio waione. Arobaini na nane. Mwaka huu hakuna mwingine aliyezidi arobaini na sita, na kuna mmoja mwenye mikono mipana anayelalamika kwamba bastola yake inambana. Nimemwambia aje Jumamosi nimpime.

Jioni ile tulikwenda kwa mama kula. Nilipoingia jikoni nilimkuta amesimama juu ya kiti na nyundo mkononi, na kando ya msumari wa baba ameshapigilia mwingine, mpya, unang'aa.

"Huo wa mkanda wako," akasema. "Ukistaafu. Usije ukaniachia ukuta umetobolewa bure."

Twyla Haugen
Naibu Sherifu, Kaunti ya Tamarack