Fremu ya Mume wa Shangazi

Jumanne, 4 Machi

Shangazi kaja karakanani na fremu ya baiskeli, kaiviringisha kwenye shuka kama mtoto mchanga. Ya marehemu mumewe. Anasema aliiunda mwenyewe, kabla hawajaoana. Binamu yangu, mwanawe wa kumzaa, kila siku anambishia: Baba aliinunua, kisha akajisifu. Sasa anataka kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Wewe ndiye unayejua baiskeli, mwanangu. Tuamulie."

Hata sikuigusa! Mafundi wenzangu wapo, wateja wapo — nikajitia ujuaji. Shangazi, hii ya kiwandani, hata kipofu ataona! Watu wakacheka. Nami nikacheka. Yeye akakunja shuka lake polepole, akaniachia fremu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na kile kicheko masikioni. Basi angalau nimtafutie jina la kiwanda. Namba hugongwa chini, pale unapopita mhimili wa pedeli. Nikapaka dawa ya kuondoa rangi, nikakwangua. Rangi ya kijani, chini yake nyeusi. Chini ya nyeusi, vimistari vyeupe. Nikapiga picha — kila hatua napiga, ndiyo kawaida yangu. Uchafu tu, nikasema. Msasa! Chuma kikang'aa.

Namba hakuna. Jina hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeiangalia kwa macho, si kwa mdomo. Viungo vimekatwa kwa mkono kutoka kwenye chuma bapa, kila kimoja na umbo lake. Alama za tupa hizi hapa. Shaba ya kuunganishia imejaa upande huu, upande ule haba — kazi ya mtu anayejifunza. Kiwanda gani kingethubutu kuuza kitu hiki? Shangazi alisema kweli.

Nikafungua picha ya jana kwenye simu, nikaikuza. Vile vimistari si uchafu. Ni herufi. Za brashi, mkono wenye wasiwasi: *Kwa mchumba wangu.*

Ee Mungu wangu!

Aliandika, kisha akaona haya, akafunika kwa rangi. Shangazi hajapata kuyaona maandishi hayo maisha yake yote. Na mimi, mjuaji, nimeyafuta kwa msasa.

Mke wangu kauliza mbona sili. Nimesema tumbo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia mke wangu. Kanitazama weee. Kasema maji yakimwagika hayazoleki, nenda kamwambie. Rahisi kusema.

Sikwenda.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja wenyewe, Shangazi na binamu. Nimesema mbele ya walewale waliocheka: Jumanne niliropoka, marehemu aliiunda kwa mikono yake. Nikawaonyesha viungo, kimoja kimoja. Shangazi kanishika mikono yote miwili, akaibusu. Mikono hii! Nilitamani ardhi ipasuke.

Binamu hasadiki. "Sawa, kuna mtu aliiunda. Utajuaje ni Baba?"

Jibu limo mfukoni mwangu, kwenye simu. Shangazi angeutambua mwandiko ule hata gizani. Lakini nikiutoa, swali linalofuata ni moja tu: maandishi yenyewe yako wapi?

Nimesingizia kutafuta spana, nikajificha chumba cha nyuma. Ndiyo naandika haya, nimesimama. Mlango uko wazi nusu, nawaona. Binamu kashika kiuno, anatazama barabarani. Shangazi kaipakata fremu. Kaigeuza. Anapapasa kwa kidole gumba pale chini, penye chuma kitupu. Anatabasamu. Ananiita:

"Mwanangu! Hapa umepang'arisha kweli kweli. Mungu akubariki. Hebu njoo umwonyeshe ndugu yako ulivyopasafisha."

Simu iko mkononi. Nimeitika nakuja. Naifungua ile picha —