Kompyuta za Kaka Yako

Nyumbani,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na watoto. Goti lako linasemaje siku hizi? Uliniandikia kwamba daktari amekukataza ngazi. Natumaini umemtii, ingawa nakujua, wewe ukikatazwa ndipo unapopanda. Sisi hapa tupo. Nikisema hatujambo nitakuwa nimezidisha, na nikisema tunaumwa sote nitakuwa nimepunguza. Tupo tu.

Simu zako zote nimeziona. Usidhani nimekasirika. Kwenye simu mtu hutaka jibu hapo hapo, na majibu yangu siku hizi yanachelewa kufika. Hata mimi mwenyewe nayasubiri.

Kaka yako anakula, analala, tunamgeuza, anakaa kwenye kiti. Tangu kiharusi kilipompiga mwezi wa kwanza, upande wa kulia haujarudi. Ule mkono uliokuwa ukishika waya nyembamba kama unywele sasa umelala mapajani kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau hapo. Ulimi nao ni mzito, hautoi neno. Lakini akili ni ileile. Daktari alisema hivyo, na mimi naiona machoni. Tumewekeana alama: akigonga kiti mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Dada wa mazoezi alimletea ubao wa herufi ili aonyeshe kwa kidole anachotaka kusema. Aliutazama, kisha akageuza uso ukutani. Nadhani aliona anarudishwa chekechea.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae na karatasi.

Alipotimiza wiki ya tatu hospitalini, daktari aliniita. "Mama, Ijumaa tunamruhusu. Mna chumba cha chini chenye mlango mpana?" Nikamwambia kipo. "Basi kiwe tayari. Hawezi kupandishwa ngazi." Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Chumba chenyewe ndicho hiki cha mbele, na unakikumbuka kilivyokuwa. Rafu kutoka sakafuni hadi darini, na juu ya rafu kompyuta za zamani ambazo dunia nzima ilikwishazitupa. Thelathini na moja. Kila moja aliileta imefungwa shuka kama mtoto mchanga, na kila mara alisimama mlangoni na kuniambia, "Mke wangu, nimekuletea mgeni." Nami humuuliza, "Huyu naye anakula umeme?" Majirani wakamwita Profesa Makopo. Alicheka, akalipenda jina.

Mwaka mmoja msusi wa kona ya pili alinivuta pembeni na kuniuliza kwa huruma kama mume wangu ameanza kupaka nywele rangi, maana kila wiki ananunua kopo la dawa ya kupaushia. Alikuwa akiipaka kwenye magamba ya kompyuta yaliyogeuka manjano kwa uzee, anayafunga kwa nailoni, kisha anayaanika juu ya paa kwenye jua kali. Jioni yanashuka meupe kama yaliyotoka dukani jana. Mswaki wangu ulipopotea, niliukuta anasugulia bodi za ndani kwa siki, anaondoa kutu ya kijani iliyovuja kwenye betri. Nikanunua mwingine. Nao ukaenda njia hiyohiyo.

Jumatano asubuhi nilimwita Sumaku. Huyo ni mnunuzi wa vyuma chakavu wa mtaa huu, aitwa hivyo kwa sababu hakuna bati linalompita. Alikuja na kigari, akasimama katikati ya chumba, akavua kofia. Nadhani hata yeye aliona si mahali pa kuingia na kofia.

"Mama, zote?"

"Zote."

"Mwenyewe amekubali?"

"Mwenyewe anahitaji kitanda."

Alizitoa kwa safari nne, pamoja na rafu zenyewe. Mimi nilisimama mlangoni nikimshikia pazia. Wifi, ningeweza kuzipandisha juu. Chumba cha watoto ni kitupu tangu binti yetu aolewe. Ningewaita vijana wa msikitini au wa kanisani, yeyote, wangezibeba kwa saa moja. Sikuwaita. Watu wananiambia ni uchovu, lakini naandika kwa ajili yako, kwa hiyo sitajificha nyuma ya uchovu. Wala haikuwa hasira. Ningekuwa na hasira, angalau ningejua ninachofanya. Nilitazama zikitoka kama ninavyotazama mvua.

Ilibaki moja tu, kwa sababu ilikuwa mezani imefumuliwa vipande vipande, na Sumaku alisema vipande havimfai. Niliisukuma chini ya meza kwa mguu.

Ijumaa kaka yako aliletwa. Wauguzi wawili walimvusha mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, akafika katikati ya chumba. Kuta zilikuwa na alama nyeupe mahali rafu zilipokuwa. Alizitazama moja baada ya nyingine, bila haraka. Kisha akafumba macho. Nilimuuliza kama anataka maji. Akagonga mara mbili. Nikamuuliza kama anataka kulala. Mara mbili. Sikuuliza la tatu.

Tukaishi hivyo miezi miwili na nusu. Nashona sare za shule pembeni ya kitanda, yeye anatazama ukuta. Watu wanakuja, wanasema poleni, wanaondoka. Nilikuwa napika, naonja, sipati ladha ya chumvi. Nikadhani ni chumvi. Nikabadilisha chumvi.

Mwezi wa nne mwanzoni alikuja mama fundi redio, yule mjane mwenye kibanda karibu na posta, waliyekuwa wakiazimana vifaa na kaka yako. Alikuwa amesafiri, hakuwa na habari. Alimsalimia kwa sauti kubwa kana kwamba ni masikio yaliyougua, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Ziko wapi zile nyingine?"

"Zimeondoka."

"Zimeondoka kwenda wapi?"

"Kwa Sumaku."

Alitazama kuta. Nilingoja anikaripie, nikawa nimejiandaa hata kwa jibu. Hakunikaripia. Aliinama, akaivuta ile iliyofumuliwa chini ya meza, akapuliza vumbi.

"Haya. Tushike hii tuliyonayo," akasema. "Mimi macho yangu hayaoni tena karibu. Wewe unashona. Utakuwa mikono."

Sikutaka wala sikukataa. Kila alasiri baada ya kufunga kibanda chake alikuja, tukamsogeza kaka yako mezani, na mimi nikashika chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza maishani. Ni kazi inayofanana na ushonaji, wifi. Risasi ikiyeyuka ni kama uzi: ukiweka nyingi inavimba, ukiweka kidogo inaachia. Kaka yako alikwishaandika kila kipande kwa mwandiko wake mdogo kwenye vikaratasi, hiki kinakaa hapa, kile kimekufa. Kapasita tano, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa. Nilizing'oa moja moja, nikaweka mpya alizoleta mama fundi. Kila nilipotaka kugusa mahali, nilimtazama mgonjwa. Akigonga mara moja, naendelea. Mara mbili, narudisha mkono. Siku moja aligonga mara mbili, nikajifanya sijasikia, nikaunguza kidole. Yule mama alicheka mpaka akafuta machozi. Na nusu ya mdomo wa kaka yako, ile nusu inayosikia, ilipanda kidogo.

Ilituchukua karibu wiki nane. Ni kompyuta ya zama zile ambazo kibodi na mtambo ni kitu kimoja, unaichomeka kwenye televisheni na kwisha. Mara ya kwanza kuiwasha haikutoa kitu. Mara ya pili ilitoa harufu. Mara ya tatu, Alhamisi ya mwisho wa mwezi wa tano, skrini ikawa samawati, yakatokea maneno mawili matatu ya Kiingereza, na chini yake kijisanduku kinachopepesa kama jicho. Mama fundi alipiga makofi. Mimi nilikuwa nafikiria kama nimezima jiko.

Alipoondoka, nilisogeza kiti cha kaka yako ili nifagie. Akashika meza. Akaunyoosha mkono wa kushoto, kidole kimoja, akaanza kubonyeza. Herufi moja, anapumzika. Herufi nyingine. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mwezi wa kwanza:

ZIKO WAPI

Akabonyeza kitufe kikubwa cha pembeni. Kompyuta ikamjibu kwa Kiingereza kwamba haikuelewa. Mimi nilielewa.

Nilisimama na ufagio wangu. Nilikuwa na uongo mwingi wa kuchagua, wifi: ziko juu, ziko kwa mama fundi, ziko salama. Nikamwambia, "Nimeziuza. Nilimwita Sumaku ukiwa hospitalini. Nilitaka mahali pa kitanda, lakini mahali pengine palikuwepo. Sikukuuliza." Nilisema hivyo kwa sauti ileile ninayomwambia mteja kwamba sare haijawa tayari. Aliutazama uso wangu muda mrefu kuliko alivyoitazama kompyuta. Kisha akageukia kibodi.

Siku ile na siku tatu zilizofuata aliandika orodha. Unajua kila kompyuta alikuwa ameipa jina. Kigugumizi, ile iliyokuwa ikikwama kabla ya kuwaka. Bibi Harusi, iliyopakwa dawa mara nyingi kuliko zote. Mkaidi. Mpangaji. Mimi niliyanakili kwenye daftari la vipimo vya wateja, kati ya mikono na viuno. Katika jina la tano aliandika ZAWADI YA DADA.

Hilo ndilo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Ile uliyomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza, ukaja nayo umeipakata safari nzima kwa kuogopa wataivunja, ilitoka hapa Jumatano ile kwenye safari ya pili ya kigari. Niliiona. Nilijua ni ipi. Ningependa kukuandikia kwamba moyo uliniuma, lakini nitakuwa naandika barua ya mwanamke mwingine. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, niandikie hivyo pia, nami nitaisoma.

Jumatatu nilichukua daftari, nikaenda kwa Sumaku. Ua wake uko nyuma ya gereji, milango ya magari imelazwa kama sahani za kuoshwa. Nikamsomea majina. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, kana kwamba nasoma majina ya watu.

"Mama, chuma hakilali kwangu," akasema. "Zile ziliondoka wiki ileile. Zimevunjwa, bodi mbali, bati mbali, plastiki mbali. Sikudanganyi."

Aliniruhusu nipekue. Nilipekua asubuhi nzima. Nilipata kibodi mbili na kifuniko kimoja ambacho sikujua ni cha nani. Nikaviweka kwenye kikapu nikarudi navyo kwa miguu.

Kaka yako alikuwa mezani. Nikampangia vile vitu mbele yake, nikamwambia, "Ni hivi tu. Nyingine hazipo tena, na hazitarudi." Alivigusa kwa kidole. Nilidhani ataniandikia jina lililobaki, au neno la kunichoma, nalo ningelistahili. Akabonyeza polepole, akakosea, akafuta, akaanza upya. Nikasoma:

UMECHOKA KAA

Tangu mwezi wa kwanza watu wengi wameniambia nijikaze. Hakuna aliyeniambia nikae. Nilikaa, bado nimevaa viatu vya vumbi la gereji. Sikulia, wifi, nilidhani nitalia lakini sikulia. Aliugeuza mkono wake wa kushoto, kiganja juu, kwenye meza. Nikaweka changu. Nikasinzia pale pale kwenye kiti mchana kweupe, na nilipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili na yeye hakuwa ameusogeza mkono. Jioni nilionja mchuzi, nikaona chumvi imezidi.

Nisalimie shemeji, na mwambie koti lake nimelishona kifungo, linamngoja. Binti zako wote wawili nawabusu, yule mdogo aache kula penseli. Shangazi yenu mkubwa akipiga simu mwambie nitampokea sasa. Binti yetu na mumewe wanawasalimu, na mama fundi redio pia, ingawa hajawahi kuwaona. Mola akupunguzie maumivu ya goti, akuhifadhi na hao ulio nao, na atujalie kuonana tungali na nguvu za kufunguliana mlango.

Kaka yako hapa pembeni ananigongea kiti. Nimemuuliza kama anakusalimu. Amegonga mara moja, kwa nguvu.

Ni mimi wifi yako, akupendaye hata anaposhindwa kuonyesha,

Mke wa kaka yako.