Maji Tuliyomwaga Jioni

Mama mdogo, shikamoo.

Salamu naitanguliza kwa maandishi kwa sababu kwenye simu haikufika. Mjomba aliniambia umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na tangu nije kuishi kwako nikiwa na miaka sita sijawahi kukuona umelala saa nne asubuhi. Nikamwambia sawa, ukiamka akusalimie. Sasa ni wiki ya tano na kila nikipiga umelala. Basi nimeona niandike. Kuandika naweza. Kusema ndiko kunakonishinda, unajua mwenyewe, ukiacha siku ile moja.

Jina lako sitalitaja, wala langu. Pale machimboni wanakuita mama wa jina langu ingawa hukunizaa, na anayelijua moja analijua na la pili. Yalishatajwa vya kutosha siku ile.

Nakumbuka asubuhi yangu ya kwanza ya darasa la kwanza. Ulinipa uji nusu kikombe. Nilipoomba maji ukasema nisinywe, kwa sababu vyoo vya shule havina milango na njia ni ndefu. Ukanifungia kokwa za ukwaju kwenye kipande cha kitambaa, ukaniwekea mfukoni mwa sketi. Uliniambia kiu ikija niweke kokwa moja mdomoni, mate yatakuja na kiu itaenda zake. Na kweli ilikuwa hivyo. Nilikimbia mchakamchaka kwa miaka saba na kokwa shavuni, nikiimba kwa upande mmoja wa mdomo. Ukirudi kutoka kazini ulikuwa unaniuliza kama nilikwenda chooni shuleni. Nikisema hapana, ulikuwa unanishika kichwa. Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri siku nzima, mkono wako kichwani.

Sikulaumu. Bibi aliwafundisha hivyohivyo wewe na marehemu mama yangu mlipokuwa mnapalilia pamba. Ulinipa ulichokuwa nacho.

Kidato cha tatu mwalimu wa biolojia alitufundisha figo. Alichora ubaoni maharage mawili makubwa, akasema mkojo ukiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa ujue mwili unaomba maji, na ukingoja mpaka uone kiu umeshachelewa. Niliandika yote kwenye daftari. Swali lilikuja kwenye mtihani, nikapata alama zote. Kesho yake nikaenda shule na kokwa yangu ya ukwaju.

Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne nikakufuata kazini, kwenye yale machimbo madogo nje ya Segese. Kwa mwingine atakayeisoma barua hii na hapajui, wanaume wanashuka kwenye duara, ndilo shimo lenyewe, na kupandisha mawe. Kina mama tunakaa chini na nyundo tukiyaponda mpaka yawe madogo ya kuingia kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Mvua zilikuwa zimeanza zikakatika. Miti ya karibu yote imekatwa kushikilia kuta za mashimo, kwa hiyo saa saba mchana kivuli pekee ulichonacho ni cha kichwa chako mwenyewe.

Siku ya kwanza ulinifundisha kazi. Ulinionyesha namna ya kulizungushia jiwe pete ya mpira ili lisiruke na nisijiponde vidole. Ulinionyesha namna ya kukunja kitenge chini ya makalio ili jiwe la kukalia lisichome. Halafu ukanifundisha namna ya kutokunywa.

Mzee Masanja, msimamizi wa duara, ana sheria moja kwa wanaoponda: hakuna kukaa kwenye mawe bila dumu la maji. Mtu aliwahi kuanguka kwa kiu mbele ya macho yake, tangu hapo ikawa sheria. Asubuhi anapita kwenye mstari wetu na kuligonga kila dumu kwa ncha ya buti asikie kama limejaa. Yetu yalikuwa yanajaa kila siku. Lako lilikuwa lile la njano la lita tano, lenye kamba ya katani kwenye kishikio. Tulikuwa tunayabeba kichwani kutoka bombani, tunayaweka pembeni yetu, na mpaka jioni yanakaa pale kama wageni ambao hakuna anayewasemesha.

Choo hakikuwepo. Wanaume waligeukia tu nyuma ya kifusi. Kwetu kichaka cha karibu kilikuwa ng'ambo ya barabara ya bodaboda, na ukisimama kwenda huko mstari mzima wa wachimbaji unajua unakwenda wapi. Shija, yule mwenye mdomo, alikuwa na neno lake. Alikuwa anaamkia kwa heshima zote, kisha anauliza, "Mama, ndiyo unakwenda kukagua mipaka ya kijiji?" Watu wanacheka. Mama mmoja alikagua mipaka mara moja tu tangu nifike, na baada ya hapo hakuonekana tena akinyanyuka.

Jioni, kabla ya kuondoka, tulikuwa tunamwaga. Wewe ulisema tunapooza vumbi. Kazi ya kumwaga ukanipa mimi. Nilikuwa nalizungusha dumu juu ya rundo la mawe, maji ya moto kama ya kuogea, na mawe yanayanywa yote bila kubakiza. Mzee Masanja akiona madumu matupu alikuwa anaridhika. Siku moja aliwaambia wachimbaji waige kwetu, kwamba kina mama wanasikia wakiambiwa. Uliinamisha kichwa ukacheka ndani ya kitenge. Nami nilicheka. Nasema ukweli, siku ile tulicheka.

Ulikuwa unaumwa kiuno na ulikuwa unaungua ukienda haja ndogo. Duka la dawa walikwambia UTI, wakakupa vidonge. Ulivimeza kwa funda moja la maji. Mwezi uliofuata ikawa UTI tena, vidonge tena, funda moja tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwaga na kuosha alfajiri ndoo tuliyojisaidia chumbani usiku. Nilikuwa naiona rangi. Ilikuwa rangi ile ile aliyoisema mwalimu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Hukuwa na jasho. Nilikutazama usoni nikaona kumekauka na kuna chumvi nyeupe kwenye nyusi. Ukaanza kuongea Kisukuma taratibu, na nilipotega sikio nikagundua unaongea na mama yangu. Ulikuwa unamwambia aharakishe kumaliza tuta lake kwa sababu mvua inakuja. Huku mkono unapiga nyundo. Chini ya nyundo hapakuwa na jiwe. Lilikuwa limeruka kitambo, na wewe ulikuwa unaiponda ardhi.

Halafu ukalala upande, polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kulaza kichwa.

Wakaja wote. Mzee Masanja akauliza kama mama huyu amekunywa maji. Kina mama wakajibu amekunywa, kwani si dumu lake lile pale. Walisema hivyo kukulinda, na naamini wangekulinda hivyohivyo mpaka mwisho. Nikalinyanyua dumu. Lilikuwa zito. Nilisikia sauti yangu ikitoka, na haikuwa kubwa, ila pale palikuwa kimya.

"Hajanywa. Hatunywi sisi. Tunabeba, na jioni tunamwaga, kwa sababu hatuna pa kwenda kukojoa."

Nilitumia neno lenyewe. Kuna mtu alicheka, na mara hii hakufuatwa na wengine. Tukakuhamishia chini ya turubai la karasha. Nikaloweka kitenge chako, nikakuwekea shingoni na kwapani, kina mama wakapepea. Aliyekubeba mpaka kwenye bodaboda ni Shija. Hujui hilo kwa sababu hukuwa na fahamu, na sijui kama utapenda kulijua.

Zahanati walikutundikia dripu. Jioni ulifumbua macho ukanijua. Daktari, mwanaume wa makamo mwenye haraka, akauliza mbele ya wagonjwa wengine unakunywa maji kiasi gani kwa siku. Ukasema mengi. Akanitazama mimi. Nikasema hapana, daktari, na nikasema sababu kwa mara ya pili siku ile. Ukageukia ukutani.

Alinieleza mimi badala yako. Kwamba haikuwa UTI peke yake, figo zilikuwa zimeanza kuumia, na zinaweza kupona ukizipa maji. Kwamba kwenye jua mtu anakunywa kidogokidogo tangu asubuhi kabla ya kiu, na siku ya jasho jingi anaongeza dawa ile ya pakiti yenye chumvi na sukari. Kwamba kokwa ya ukwaju inadanganya mdomo tu. Niliandika kwenye mkono kwa kalamu kwa sababu sikuwa na karatasi.

Siku ya tatu mjomba alikuja kukuchukua kukupeleka kwake Ushetu. Ulikuwa umeshakaa kwenye pikipiki, mfuko mapajani. Nikakushika mkono nikuage, ukautoa taratibu.

"Umenivua nguo mbele ya wanaume," ukasema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyonayo kutoka kwako. Nimeyafikiria sana na naona ni ya kweli. Nilikuvua. Sijaona njia nyingine ambayo ningepita, lakini haibadilishi kwamba nilikuvua.

Nikuambie ya huku. Nilirudi kwenye mawe Jumatatu kwa sababu chumba kinahitaji kodi na matokeo yalikuwa hayajatoka. Siku mbili kina mama hawakunisemesha. Siku ya tatu yule mama aliyewahi kukagua mipaka akaja kukaa karibu yangu. Akaniambia kwamba kwa kuwa nimeshazoea kusema, niende kwa Mzee Masanja nikamalizie. Nilikataa. Akasema basi twende wote, mimi nisimame tu. Tukaenda wanane. Mimi nilisimama, wao wakasema.

Mzee Masanja alivua kofia akajikuna kichwa. Akauliza kwa nini muda wote huo hatukusema. Kisha akaita wachimbaji watatu. Mama mdogo, hawa watu wanashuka chini mpaka usione taa zao. Shimo la choo walilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Walizungushia turubai, na Shija akashona mlango wa viroba, akautia kamba ya kufungia kwa ndani. Alipomaliza akakaa mbali na kugeuza mgongo, na hajasema tena habari za mipaka. Kina mama wamekipa choo hicho jina. Mtu akinyanyuka anasema anakwenda ofisini, na akikawia anaulizwa kama kulikuwa na kikao.

Tunakunywa sasa. Mwanzoni ilikuwa kama kufanya kosa, kila mmoja anatazama mwenzake kwanza. Nilikuwa nikimeza naona umenitazama. Sasa nakunywa tu. Saa mbili, saa tatu, nne, bila kungoja kiu. Kichwa kilichokuwa kinaniuma kila jioni tangu sekondari kimeacha. Nilidhani ni macho.

Matokeo yametoka, nimefaulu, nasubiri kupangiwa shule. Ningependa ulisikie hilo kwa sauti yangu.

Kina mama wanauliza utarudi lini. Jiwe lako la kukalia hawajamruhusu mtu alitumie. Lakini si hilo linaloninyima raha. Najua kwa mjomba sasa ni kazi ya tumbaku, mnatoka mapema na kurudi jua likiwa kali, na shambani kuna vibarua wanaume. Nakujua. Utakuwa umeshaokota kokwa ya ukwaju mahali. Daktari alisema figo hizo hazitavumilia mara ya pili. Ukitaka, endelea kukasirika. Nikasirikie ukiwa unakunywa maji.

Na kuna jambo moja sikulisema zahanati, wala kwa kina mama. Nimeandika juu kwamba ulipiga nyundo chini bila jiwe, halafu ukalala upande. Katikati ya hayo nilikuwepo. Niliona jiwe lilivyoruka. Nilijua kabisa unaumwa nini, nilishajibu swali lake kwenye mtihani. Nikaanza kuhesabu mapigo, nikijiambia likifika la tano nitaita. Nikasema la kumi. Wanaume walikuwa wamekaa karibu wakila, na niliona aibu kupaza sauti. Ulipiga mara kumi na saba.

Kwa hiyo kwa kusema sitaomba radhi, kwa sababu ningesema tena. Naomba unisamehe yale mapigo kumi na saba.

Barua hii nampa mjomba anayekuja Kahama keshokutwa, pamoja na dumu lako la njano. Nimelisafisha kwa mchanga na kubadilisha kamba. Lijaze asubuhi uende nalo shambani. Mwambie mke wa mjomba mtafute pa kujisitiri, na kama inakushinda kusema, mwonyeshe hapa nilipoandika. Jioni ukirudi, ukikuta limebakiza kitu, usimwage.

Mtoto wa dada yako,
ambaye jina lake ndilo wanalokuitia